UZI: Mbinu za kuendesha haibridi ili ile mafuta kidogo (Aqua, Prius, Fielder, Fit, Note): acheni kuiogopa injini ikiwaka

#1 KimaraBaruti (mleta uzi)

Wakuu, habari za leo.

Kuna swali halikauki kwa wenye haibridi, yaani gari zenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja: "Nimenunua Aqua, niliambiwa inatembea kilomita 35 kwa lita, mbona yangu inanipa 16?" Majibu huwa mawili, ama betri imechoka ama umeuziwa gari bovu. Inawezekana. Lakini nyingi nilizowahi kukaa nyuma ya usukani wake hazina ugonjwa wowote. Mwenye gari anaiendesha kama IST ya petroli tupu, au anafanya jambo ninaloliona zaidi siku hizi: anapambana na injini isiwake. Anaitambaza kwa umeme mpaka betri inabaki na vipande viwili kwenye kipimo cha chaji cha dashibodi, halafu injini ikiwaka kwa nguvu anasema gari linakula mafuta.

Tuanze na hiyo 35. Aqua ilipotoka Desemba 2011 ilitangazwa kwa 35.4 km/L. Hicho ni kipimo cha Kijapani kinachoitwa JC08, kinachofanyika ndani, magurudumu yakizunguka juu ya mtambo, AC imezimwa, hakuna mlima wala bodaboda wa kukukatia mbele. Fit haibridi ya 2013 ilitangazwa 36.4 kwa kipimo hicho hicho. Mimi Dar, kwa AC na foleni zetu, nikipata 22 au 23 naona gari ni zima na nimeendesha vizuri. Anayekuahidi 35 barabara ya Morogoro anakuuzia gari.

Jambo ambalo ningependa kila mwenye haibridi alishike ni hili: gari hizi hazichomekwi ukutani. Umeme wote uliomo kwenye betri ulitoka kwenye tenki la mafuta, ama injini iliuzalisha, ama ulirudishwa kutoka kwenye mwendo ambao injini ndiyo iliyoutengeneza. Kwa hiyo kutembea kwa umeme si bure. Mafuta yanageuzwa kuwa umeme, umeme unaingia kwenye betri, unatoka, unazungusha mota, na kila hatua inachukua chake. Unachookoa ni mambo mawili tu: mwendo unaoutupa kwenye breki, na muda ambao injini inawaka bila kazi ya maana.

Hapo kwenye injini ndipo watu wanapokosea. Injini ya Aqua (1.5) na ya Prius ya 2009 kuendelea (1.8) zimetengenezwa kwa mtindo wa Atkinson. Zinatumia mafuta vizuri zikibebeshwa mzigo wa wastani, na zinapoteza zikizungushwa kwa kazi ndogo mno. Sasa wewe taa zimeruhusu, unakanyaga kwa woga, unachukua nusu dakika kufika 50. Muda wote huo injini inawaka na kuzima, au inawaka ikifanya kazi kiduchu, huku betri inashuka. Mwenzako anakanyaga wastani, sindano ya dashibodi inasogea kuelekea mwisho wa eneo la ECO (la kubana mafuta) bila kuingia PWR (la nguvu kubwa), anafika 50 mapema, anaachia, injini inazima, gari linaserereka. Yeye ndiye anayekula mafuta kidogo.

Kuserereka kwenyewe kuna ufundi. Ukiachia pedali kabisa, gari linaanza kuchaji, maana yake linajivuta nyuma kidogo kama breki nyepesi. Hiyo ni nzuri ukiwa unataka kupunguza mwendo. Kama bado unataka kusafiri, achia kabisa kwanza ili injini izime, kisha gusa pedali kidogo sana mpaka ile mishale kwenye skrini ya nishati ipotee: hakuna inayotoka kwenye betri, hakuna inayoingia. Hapo gari linateleza kwa kasi lililokuwa nayo na hulipii chochote. Ukishuka hadi 40 hivi, kanyaga tena wastani, rudi 55, achia. Usiku barabara ikiwa tupu, au asubuhi sana kabla daladala hazijajaa, mchezo huu ndio unaotoa zile namba kubwa. Saa mbili asubuhi pale Magomeni usijaribu, utawakera walio nyuma yako na hutapata nafasi.

Mwendo una bei. Aqua na dereva wake ni kama kilo 1,150. Kuifikisha 60 km/h kunatumia mafuta kama kijiko kimoja cha mezani, kwa kukadiria injini inafanya kazi katika hali yake nzuri. Ukiifikisha 80 ni karibu kijiko kimoja na nusu. Sasa ukifika 80 kati ya tuta na tuta, kisha ukakandamiza breki ghafla, sehemu kubwa ya hicho kijiko imegeuka joto kwenye diski. Betri inaweza kupokea umeme kwa kiwango fulani tu kwa wakati mmoja. Ukikanyaga breki kwa nguvu, kinachozidi kinakwenda kwenye padi. Na ukikaribia kusimama kabisa, mwendo wa mtu anayetembea, padi ndizo zinazofanya kazi. Kwa hiyo breki ndefu na nyepesi. Taa nyekundu unaiona mita 200 mbele, achia sasa hivi, kisha gusa breki sindano ikae ndani ya CHG (eneo la kuchaji) bila kugonga mwisho.

Na bora zaidi ya kuchaji vizuri ni kutosimama kabisa. Ukiacha nafasi mbele yako kwenye foleni inayosogea, utajikuta unatembea 10, 15, 10 bila kugusa breki, wakati jirani yako anaruka na kusimama. Ndiyo, daladala itaingia kwenye nafasi yako. Mwache aingie, unatengeneza nafasi nyingine.

Nikipata muda nitaongeza ya safari ndefu. Karibuni kwa maswali na kwa wanaopingana nami.

#2 TegetaKwaNdevu

Ahsante mkuu kwa uzi. Mimi napingana kidogo. Kile kitufe cha EV kimewekwa cha nini kama kutembea kwa umeme si kuokoa? Mimi kwenye foleni ya Mwenge nakibonyeza na injini haiwaki kabisa, naona ile wastani kwenye dashibodi inapanda.

#3 KimaraBaruti

TegetaKwaNdevu, inapanda kwa muda ule kwa sababu kompyuta inahesabu mafuta yanayoingia kwenye injini, haihesabu deni la betri. Angalia kilometa tano zinazofuata. Betri ikifika vipande viwili injini itawaka na itachaji hata ukiwa umesimama. Na kusimama ndiyo hali mbaya kuliko zote ya kuchaji, maana mafuta yanachomwa na gari haliendi popote.

Kitufe cha EV kina kazi yake. Unatoa gari getini usiku hutaki kuamsha watu, unalisogeza ndani ya gereji, au unajua mita 300 zijazo umefika na mbele yako kuna mteremko utakaorudisha chaji. Nje ya hapo, kompyuta ya gari inachagua wakati wa kuwasha injini vizuri kuliko mimi na wewe. Kitufe cha ECO mimi nakiacha kimewashwa mjini, kwa sababu kinaipunguzia pedali ukali na AC inafanya kazi kwa kiasi. Ukiwa na mguu mwepesi utafanya hivyo hivyo bila hicho kitufe.

Na ukiona betri imebaki vipande vitatu na barabara mbele iko wazi kidogo, usingoje. Kanyaga wastani injini iwake wakati gari linatembea. Itasukuma gari na kuchaji kwa pamoja, na hapo ndipo inapofanya kazi yake vizuri.

#4 FundiWaBetri

Nakazia hapo kwa KimaraBaruti. Betri ya Aqua ni ndogo sana kuliko watu wanavyodhani. Volti 144, ampea-saa 6.5, ukizidisha unapata chini kidogo ya kilowati-saa moja. Na kompyuta haikuruhusu kuitumia yote, inabaki takriban kati ya asilimia 40 na 80 ili seli zidumu. Kwa hiyo unachocheza nacho ni kilowati-saa 0.4 hivi. Hiyo si betri ya kukufikisha Posta. Ni ya kupokea na kutoa, kupokea na kutoa. Mtu anayeishusha hadi chini kila siku na kuijaza hadi juu kila siku anaichosha, na joto la Dar linamsaidia kuichosha.

Nikiwa hapa niseme la feni. Betri hii inapozwa kwa hewa ya ndani ya gari. Kuna tundu lenye vyuma au plastiki ya matundu pembeni au chini ya kiti cha nyuma, kutegemea gari. Watu wanaweka mkoba, kanga, kiti cha mtoto, mizigo ya soko juu yake. Wengine wanabeba mbwa, manyoya yanaingia. Feni ikiziba betri inapata joto, kompyuta inapunguza matumizi ya betri, injini inafanya kazi zaidi, na wewe unaona mafuta tu. Safisheni tundu hilo, na kila mwaka fundi afungue feni yenyewe. Ukiacha gari juani siku nzima, fungua madirisha dakika moja kabla ya kuwasha AC.

#5 MsafiriWaKusini

Wakuu mimi natoka Dar kwenda Makambako mara kwa mara na Fielder haibridi. Swali langu ni Kitonga. Kupanda sina shida. Kushuka wakati wa kurudi naweka N (huru) ili injini izime na gari lishuke lenyewe. Rafiki yangu ananiambia niweke B, ile ya kuzuia mwendo mteremkoni. Lakini nikiweka B injini inalia sana, naona kama inakula. Ukweli upi?

#6 FundiWaBetri

MsafiriWaKusini, N mteremkoni acha leo hii, ndugu yangu. Kwanza kwenye N gari hizi hazichaji kabisa, umeme wote wa mteremko unaupoteza. Pili mzigo wote wa kulizuia gari unabaki kwenye padi, na Kitonga ina kona na malori mbele na nyuma. Padi zikipata moto hazishiki.

Sasa kuhusu B. Mteremko wa mita 100 kwenda chini, kwa gari la uzito huo, una nishati karibu kilowati-saa 0.3. Sehemu inapotea kwenye upepo na matairi, inayobaki inaingia kwenye betri. Kwa hiyo mkishuka mita mia moja hadi mia mbili hivi, zile kilowati-saa 0.4 zako zimeshajaa. Kitonga ni zaidi ya hapo. Betri ikijaa, gari halina pa kupeleka umeme, kwa hiyo linatumia mota kuizungusha injini bila mafuta ili ipoteze hiyo nishati. Huo mlio unaousikia ni injini inazungushwa kama pampu ya hewa. Hainyunyizi petroli. B inaanzisha hilo mapema na kwa nguvu zaidi ili padi zipumzike.

Kwa hiyo: mteremko mfupi kaa D, chaji. Mteremko mrefu kama Kitonga, Sekenke, au kushuka Lushoto hadi Mombo, anza na D, betri ikikaribia kujaa weka B. Tambarare usitembee na B, inakuvuta bure.

Na fika juu ya mlima betri ikiwa na nafasi. Huna haja ya kufanya chochote, kupanda kwenyewe kutaishusha.

#7 MsafiriWaKusini

Shukrani sana fundi. Hiyo ya injini kuzungushwa bila mafuta hakuna aliyewahi kunieleza. Mleta uzi umesema utaongeza ya safari ndefu, tunasubiri.

#8 KimaraBaruti

Safari ndefu. Huku faida ya haibridi inapungua, tukubali. Mjini inashinda kwa sababu inaokoa mwendo wa breki na inazima injini kwenye foleni. Barabara kuu hushiki breki sana, injini inawaka karibu muda wote, na adui anabaki mmoja: upepo. Nguvu ya upepo inakua kwa mraba wa mwendo. Kutoka 80 kwenda 100 upepo unakuzuia kwa asilimia 56 zaidi. Kutoka 80 kwenda 120 ni mara mbili na robo. Hakuna mbinu ya mguu inayofidia hiyo.

Kwa muda: kilomita 100 kwa mwendo wa 100 ni saa moja, kwa 80 ni saa moja na robo. Kila mtu apime dakika 15 zake. Mimi nakaa kati ya 80 na 90 pale barabara inaporuhusu, na kwenye vijiji 50 ni sheria, tochi za trafiki zipo na watoto wapo.

Hapo kwenye vijiji ndipo haibridi inapopata nafasi yake. Barabara ya kwenda Morogoro au Iringa ni kijiji baada ya kijiji. Kibao cha 50 kinaonekana mbali. Wengi wanakwenda na 90 hadi kwenye kibao kisha wanakandamiza breki. Achia mapema, gari lishuke lenyewe kutoka 90 hadi 50, linachaji njia nzima. Sehemu ya kijiji utaipita kwa umeme na kuserereka, na ukitoka kanyaga wastani urudi mwendo wako. Fanya hivyo kuanzia Kibaha hadi Chalinze uone.

Milimani usilazimishe 80 ile ile. Panda na 65 au 70 bila kuwazuia wengine, shuka na uchukue mwendo wako kwa uangalifu. Ile kruzi ya kushikilia mwendo ni nzuri tambarare, milimani inakanyaga mafuta kwa nguvu ili kushika namba uliyoiwekea.

Na tafadhali, mambo ya kujibanza nyuma ya lori au basi ili likukingie upepo, hapana. Wenzetu wa nchi nyingine wanaandika kwamba inaokoa. Inaokoa, na lori likisimama ghafla hutakuwa na muda wa kufanya lolote.

#9 DadaWaNjiro

Habari zenu. Mimi niko Arusha, nina Aqua ya 2014. Safari zangu ni fupi, nyumbani kwenda shule ya mtoto, sokoni, kazini, kila moja kama kilomita 3 au 4. Miezi ya Juni na Julai napata 14 mpaka 15 tu. Disemba nikienda Moshi na kurudi inapanda vizuri. Fundi mmoja aliniambia ninunue betri. Nimesoma hapa naanza kusita.

#10 KimaraBaruti

Dada, sita zaidi kabla ya kutoa hela. Kama safari ya Moshi inakupa namba nzuri na hakuna taa ya onyo kwenye dashibodi, betri si wa kwanza kushukiwa. Shida yako ni injini kutokupata joto. Kila ukiwasha gari likiwa baridi, injini inawaka yenyewe hata kama betri imejaa, ipate joto na kile kisafisha moshi kwenye ekzosi kipate joto. Katika muda huo haizimi kwenye taa na haikubali kuserereka ikiwa imezima. Dar asubuhi ni jambo la muda mfupi. Njiro mwezi wa saba, kilomita 3 zinaisha kabla injini haijafika kwenye joto lake, unazima, inapoa, unaanza upya.

Dawa kubwa ni kuunganisha safari. Ukimpeleka mtoto, pitia na sokoni hapo hapo injini ikiwa moto, badala ya kurudi nyumbani na kutoka tena baada ya saa mbili. Usikae umesimama uani ukisubiri ipate moto, ondoka na utembee taratibu kilomita ya kwanza. Na kama una njia mbili, anza na ile ya tambarare, mlima uje injini ikiwa tayari.

#11 FundiWaBetri

DadaWaNjiro, kabla ya betri angalia haya. Upepo wa matairi, kibandiko kiko kwenye fremu ya mlango wa dereva, pima asubuhi matairi yakiwa baridi. Tairi laini linakula mafuta kimyakimya, na haibridi inayotaka kuserereka ndiyo inayoumia zaidi.

La pili ni breki kung'ang'ania. Padi za haibridi zinadumu sana kwa kuwa hazitumiki sana, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna anayezifungua. Pini za kalipa zinakauka, padi inabaki inagusa diski. Tembea kilomita kadhaa barabara tulivu bila kutumia breki sana, simama, weka kiganja karibu na kila ringi bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kuliko nyingine, umepata mwizi.

La tatu oili. Injini hizi zilitengenezwa kwa 0W-20, oili nyepesi. Anayekuwekea 20W-50, ile nzito, kwa sababu "huku ni joto" anaibebesha injini mzigo ambao haikutengenezewa. Na alaimenti, hasa kama umepiga shimo karibuni.

Kwa wenye Prius za kuanzia 2009, zile 1.8, ongezeni usafi wa mfumo wa EGR, ule unaorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini. Unaziba masizi, injini inaanza kutetemeka ikiwaka asubuhi, na ikiachwa hivyo gasketi ya kichwa inaweza kwenda.

#12 ThikaRoad

Sasa wadau, salamu kutoka Nairobi. Mada tamu. Mimi nina Aqua pia, naongeza moja ya kupima. Wengi wanashuka Mombasa, wanapiga picha ya dashibodi wanasema wamepata 27. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, umeshuka hiyo yote! Kupandisha gari la kilo 1,200 au 1,300 kutoka Mombasa hadi Nairobi kunataka karibu lita mbili za petroli zaidi ya barabara tambarare ya urefu huo. Ukishuka unarudishiwa sehemu, ukipanda unalipa. Ni ile ile ya Dar na Iringa kwenu. Namba ya safari ya upande mmoja haina maana, pima kwenda na kurudi.

Halafu hiyo ya stima (umeme) kwenye jam: ukiwa umesimama muda mrefu, kaa D na mguu kwa breki au weka P. Kuna watu wa kuweka N kila wakisimama, kama fundi amesema, kwa N betri haichaji na AC inaendelea kuila.

#13 DerevaWaMtandaoni

Wakuu haya ni mazuri kwa mtu wa nyumbani–ofisini. Mimi nafanya kazi ya abiria wa mtandaoni, kutwa nzima. Nikianza kuserereka na kuacha nafasi, abiria anasema namchelewesha, na gari tano zinaniingilia mbele. Na AC siwezi kuzima, nitapata nyota mbili.

#14 KimaraBaruti

DerevaWaMtandaoni, wewe ndiye unayenufaika kuliko sisi wote, kwa sababu kutwa nzima injini yako ni moto. Mtu wa ofisini anaanza baridi mara mbili kwa siku.

AC usizime. Kwenye Aqua na Prius konpresa inaendeshwa kwa umeme, haifungwi na mkanda wa injini, kwa hiyo abiria anapata baridi hata injini ikiwa imezima. Weka 25 au 26 badala ya 18, zungusha hewa ya ndani, na usipoze gari tupu ukiwa umeegesha unasubiri oda chini ya jua. Tafuta kivuli, fungua dirisha. Kuegesha huku AC inanguruma kunaiangusha betri, injini inawaka kuichaji, na kilomita hazisogei. Hapo ndipo hela ya dereva wa mtandaoni inapovujia.

Kuhusu kuchelewa: kutoka Kimara hadi Posta saa za kazi, anayeamua muda ni taa, na trafiki anapoongoza kwa mkono. Aliyekupita kwa kasi pale Ubungo utamkuta Magomeni. Kanyaga wastani kuondoka, hakuna abiria atakayekuita mzembe. Kinachobadilika ni namna unavyosimama, na abiria anapenda dereva asiyemrusha mbele kila taa.

#15 MbagalaRangiTatu

Na sisi wa Honda? Nina Fit haibridi GP5, nikijaribu hiyo ya foleni 10, 15, 10 gari linashtuka shtuka.

#16 FundiWaBetri

Fit ya 2013 na Vezel ya kizazi hicho ni gari tofauti. Toyota haina gia za kubadilisha, inagawa nguvu kwa seti moja ya gia na mota mbili. Honda hizi zina giaboksi ya klachi mbili na gia saba. Kutambaa kwa mwendo wa konokono klachi inateleza, inapata moto, ndipo inaposhtuka. Kwenye foleni nzito ya Mbagala fanya hivi: simama, acha nafasi ya gari moja na nusu au mbili ifunguke mbele, kisha ondoka kwa uamuzi, tembea, simama tena. Usiishikilie gari mlimani kwa pedali ya mafuta, tumia breki. Kwenye kuserereka na breki ndefu, kanuni ni zile zile.

Nissan Note e-Power ya 2016 kuendelea ni kinyume kabisa: magurudumu yanazungushwa na mota peke yake, injini kazi yake ni kuzalisha umeme. Mjini ni nzuri sana, ukiachia pedali inapunguza mwendo kwa nguvu, unajifunza kuachia kidogo kidogo badala ya kutoa mguu ghafla. Barabara kuu kwa 110 umeme unapita hatua nyingi, kwa hiyo wenye Note mwendo wa 80 hadi 90 unawahusu kuliko sisi.

#17 TegetaKwaNdevu

KimaraBaruti, nimeacha kitufe cha EV tangu nilipokuuliza. Injini inawaka mara nyingi zaidi ila betri sasa inakaa vipande vitano, sita. Kwenye dashibodi naona 21.8. Niiamini?

#18 KimaraBaruti

Usiiamini peke yake, mara nyingi inakupendelea kidogo. Jaza fulu tenki mpaka pampu ijikate yenyewe, usiongeze ili kufikisha namba kamili. Weka tripu sifuri. Tembea mpaka ibaki robo, tenki la Aqua ni lita 36 kwa hiyo una nafasi ya kutosha. Rudi sheli ile ile, pampu ile ile kama inawezekana, jaza tena ijikate. Kama umetembea 512 na imeingia 24.6, gawanya: 20.8. Rudia matenki matatu kisha chukua wastani, tenki moja linaweza kudanganya kwa sababu ya pampu au mteremko wa pale ulipoegesha.

Ukimaliza weka hapa pamoja na mwaka wa gari, mji, na kama unatumia AC. Na wengine wafanye hivyo, hasa wa Dodoma, Mwanza na Mbeya, sijaona namba zenu.